Laptopu ya Kwenye Kibanda cha Daraja

Mchana kutwa analala kifudifudi. Watu wanamkanyaga mgongoni, ng'ombe wanamkanyaga, matrekta yanamkanyaga, naye hasemi neno. Akitokea mgeni majini, huyo anainuka wima kumpisha, kisha analala tena. Nani huyo? Fikiri kwanza. Na ukishindwa usihangaike kunipa mji, maana nitakutajia bure: ni daraja.

Tena si daraja lolote. Ni lile la Hiltje, kwenye mfereji unaokata malisho ya Friesland, kule Uholanzi. Hiltje alilishika daraja hilo tangu nywele zake zikiwa na rangi ya majani makavu mpaka zikawa nyeupe pe. Mashua ikipiga honi, anashusha vizuizi vya barabarani, anainua daraja, kisha anatoka kibandani na ufito wa kuvulia samaki. Kwenye ncha ya kamba hakuna ndoano. Kinaning'inia kiatu cha mti. Anakibembeza mpaka kwa nahodha, nahodha anatumbukiza sarafu, "Ahsante, mama!", na safari inaendelea.

Sasa msimu huo ndio ulikuwa wa mwisho. Mwakani daraja lingefunguliwa na mtu aliyekaa ofisini huko mbali, anatazama kamera. Hiltje hakulia wala hakugombana na mtu. Alikwenda maktaba kusoma darasa la jioni, akajifunza kutengeneza gemu za kompyuta, akapanda darini kwake na kuanza kutengeneza ya kwake. Mashua zinakuja, wewe unafungua daraja, unabembeza kiatu. Ukikosea shabaha, kiatu kinamgonga nahodha utosini, naye anakutukana kwa adabu.

Lakini kompyuta ya darini ilikuwa pandikizi la kitu, haihamishiki, na kule darini Hiltje alikuwa anabahatisha tu. Mnyororo wa daraja unalia vipi hasa? Nahodha anainama vipi kukwepa kamba? Alitaka kuimalizia gemu pale pale kibandani, kati ya mashua moja na nyingine, kabla msimu haujafungwa. Ndiyo maana alihitaji laptopu. Iwe ya bei inayolingana na zile sarafu za kwenye kiatu. Iwe nyepesi, maana ingesafiri kwenye kikapu cha baisikeli juu ya tuta lenye upepo. Na iwe na betri ya kudumu, kwa sababu soketi ya kibandani ni moja, nayo ina mwenyewe: birika la kahawa.

"Birika halichomolewi," alisema Wobbe, mumewe. "Chomoa moyo wangu kwanza."

Wobbe alikuwa dereva wa lori la maziwa, na maisha yake yote alikuwa na mashua ndogo ya tanga la kahawia. Goti lilipomgomea, akaiuza. Tangu siku hiyo alikuwa akimletea mkewe mkate wa sukari kibandani, anauweka mezani, anageuka na kuondoka bila hata kutupa jicho mferejini. Hiltje aliliona hilo. Gemu ile alikuwa anamtengenezea yeye, arudi majini hata kwa kidole tu. Lakini kila akimwita aje aijaribu, jibu lilikuwa lile lile: "Mimi na kompyuta hatusalimiani."

Siku ya Mfalme ikafika, siku ambayo mji mzima unavaa rangi ya chungwa na kila mtu anatandika busati barabarani kuuza alivyochoka navyo. Hiltje alitia gemu yake kwenye flashi, flashi akaifunga kwenye leso, akamburuta Wobbe sokoni.

Walipita vikombe visivyo na wenzi na midoli isiyo na macho, mpaka kwa kijana mmoja aitwaye Jelmer. Juu ya busati lake palikuwa na laptopu nyeusi, nene, vitufe vyake vinawaka nyekundu na bluu.

"Mama, hii ni mnyama!" Jelmer alisema. "Gemu yoyote inaitafuna."

"Mnyama anakula nini?" Wobbe akauliza.

"Umeme, mzee."

Jelmer alikuwa amevuta waya kutoka dukani kwa mjomba wake. Hiltje akachomeka flashi, gemu ikafunguka, na lo! Mashua ziliteleza kama siagi kwenye kikaango. Viwimbi vya mfereji, ambavyo Hiltje alivichora kimoja kimoja majira ya baridi yote, vilimetameta. Moyo wake ukaruka. Bei nayo, baada ya kuvutana kidogo, ikashuka mpaka ikaingia kwenye kiatu.

"Chomoa chaja tuone," akasema.

Jelmer akakuna shingo. "Aa, mama, hii inapenda ukutani."

Akachomoa. Feni likaunguruma kama mashine ya kukamulia, na alama ya betri ikaanza kuporomoka wakitazama. Hiltje hakukata tamaa. Aliibeba laptopu na chaja yake, chaja yenyewe nzito kama tofali, akaviweka kwenye kikapu cha baisikeli. Baisikeli ikatikisa kichwa, ikapinda, ikalala. Wobbe aliidaka laptopu ikiwa bado hewani.

"Mke wangu," alisema akihema, "hii si ya kubeba. Hii ni ya kufungia trekta."

Jelmer mwenyewe alicheka mpaka kofia yake ya chungwa ikadondoka.

Mwisho wa barabara alikuwepo mama mmoja, Aukje, mwalimu mstaafu, anakula keki yenye sukari ya chungwa huku anauza vitabu vya watoto. Kati ya vitabu ilikuwepo laptopu ndogo ya kijivu, nyembamba, imebandikwa picha ya kondoo.

"Hiyo? Nilikuwa naandikia barua za shule," Aukje alisema. "Haina mbio, sikudanganyi. Lakini inaamka asubuhi na kulala jioni bila kuomba chaja."

Hiltje akainyanyua kwa mkono mmoja. Akaiweka kikapuni; baisikeli haikujua kama imebeba kitu. Kisha akachomeka flashi, na hapo ndipo furaha ilipomtoka. Mashua zilikwenda kana kwamba mfereji umejaa uji. Kiatu kikirushwa leo, kingefika kesho.

"Masikini," Aukje alisema. "Ila gemu nzuri. Nani ataicheza?"

Hiltje akachomoa flashi. Akamtupia jicho Wobbe. Wobbe aliona ghafla kwamba keki ni jambo la muhimu sana, akaenda kununua.

"Naomba tu kujua," Aukje akaendelea, "maana watu wengi kwetu wana vikompyuta kama hiki changu. Kisipokimbia hapa, hakitakimbia kwao."

Hiltje akasimama pale na flashi mkononi. Nyuma yake, ile nyeusi ilimmetametea kwa taa zake zote. Wobbe aliporudi na keki, alimkuta mkewe ameshalipa, na kondoo amekaa kikapuni.

"Umechukua kobe!" alisema Wobbe.

"Nimechukua kobe. Nipe keki yangu."

Wiki za kwanza zilikuwa za mateso. Hiltje alikaa kibandani na laptopu ya kondoo mapajani, akafuta hiki, akapunguza kile, na bado mashua zilitambaa. Akapunguza majani ya ukingoni, akawaondoa ndege. Wapi! Usiku akiwa kitandani alikumbuka zile taa nyekundu na bluu, akaguna.

"Unaguna nini?" Wobbe aliuliza.

"Naguna uji."

Asubuhi moja tulivu alinyanyua kichwa kutoka kwenye kioo cha laptopu, akatazama nje ya dirisha. Mfereji ulikuwa umelala kama chai iliyosahaulika kikombeni. Hakuna hata kiwimbi kimoja. Mawingu yalijiangalia humo, na ng'ombe wa ng'ambo alisimama mara mbili, juu na chini. Kisha ikaja mashua ya asubuhi, na nyuma yake, nyuma yake tu, maji yakakunjamana, yakapanuka hadi ukingoni, yakalala.

Hiltje alijipiga paja. Miaka yote hiyo dirishani, halafu kwenda kuchora viwimbi mfereji mzima! Alivichora darini, ndiyo maana, kule kusikokuwa na maji. Alitoka mbio na kiatu chake, karibu amgonge nahodha wa kweli, akarudi, akafuta viwimbi vyote. Akabakiza vile vya nyuma ya mashua.

Kobe akakimbia. Si kukimbia tu, mfereji wa kwenye kioo ulikuwa ndio ule wa dirishani, umetulia na mawingu yake. Hiltje aliirekodi sauti ya mnyororo pale pale, na matusi ya adabu ya nahodha mmoja aliyekubali kwa hiari.

Majani yalianza kuwa ya njano, mashua zikapungua. Siku ya mwisho ya msimu Wobbe alikuja na mkate wa sukari kama kawaida, akauweka mezani, akageuka. Laptopu ilikuwa wazi pale kando ya birika. Hiltje alikuwa nje, anafuta ufito wake, wala hakumwita.

Mlango haukufungwa. Hiltje alisikiliza. Kutoka kibandani ilisikika honi ndogo, ya kwenye laptopu, mlio mkavu wa kukwaruza ambao baisikeli yoyote ingeuonea aibu. Alikuwa ameutafuta sana mlio huo, ule ule wa mashua iliyouzwa, mpaka akaupata.

Akachungulia. Wobbe alikuwa ameketi, goti amelinyoosha, uso ameusogeza karibu na kioo. Mashua ndogo ya tanga la kahawia, lenye kiraka pembeni, ilikuwa inasubiri mbele ya daraja.

"Kile kiraka nilikishona mimi," alisema bila kugeuka.

"Najua. Ulikishona vibaya."

Wobbe akabonyeza. Daraja likainuka. Mashua ikapita kwenye maji yaliyolala, na nyuma yake viwimbi vikapanuka hadi ukingoni. Akakosea kiatu, kikamgonga nahodha utosini, akatukanwa. Akacheka kicheko ambacho kibanda kile hakikuwa kimekisikia tangu goti lilipogoma. Kisha, mwenyewe bila kuombwa, akanyoosha mkono akachomoa birika la kahawa, akachomeka chaja mahali pake.

"Yule mwalimu wa keki," alisema, "si alikuuliza nani ataicheza?"

"Aliniuliza."

"Ukimwona, mwambie ni mimi."