Alhamisi Bila Njegere

Alhamisi, Ufini nzima hula supu ya njegere. Wanajeshi wanakula, wafungwa wanakula, na sisi wa chuo kikuu tumeila miaka nenda miaka rudi: supu nzito yenye vipande vya nguruwe, haradali pembeni, kisha chapati nene ya oveni iliyopakwa jamu. Mimi nafundisha kemia, na siku nyingine za wiki nazivumilia tu.

Basi kantini ikapata meneja mpya, mama mmoja, na kampeni yake ya "Chakula cha Kwetu". Kila kitu kitoke mashamba ya jirani. Akakagua magunia, akakuta njegere zetu zinatoka Kanada. Supu ya babu zetu ikageuka mgeni asiye na kibali, na mahali pake pakaingia supu ya turnipu, mizizi ya duara kama figili, za mkulima wa ng'ambo ya ziwa, yenye povu la majani machanga ya miti. Povu, jamani! Nilikasirika hadi nikakosa usingizi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema Alhamisi ya kwanza walaji ndio wataamua. Pale mlangoni kuna kisanduku cha maoni chenye vitufe vya nyuso, wa kijani unaocheka na wa nyekundu ulionuna. Nyekundu zikizidi, njegere zinarudi. Kijani zikizidi, turnipu zinabaki.

"Leo tunaimaliza kampeni hii," alisema Hilkka wa maktaba tulipoketi. Akaonja, akafumba macho. "Mungu wangu. Maji ya kuoshea buti."

"Iache basi."

"Niiache Raimo ananiona?"

Raimo ndiye mpishi, na tunamjua tangu tukiwa wanafunzi. Tukaimaliza. Ukumbi mzima uliimaliza, kila mtu akimeza kama dawa.

Tulipofika mlangoni tukapunguza mwendo. Raimo alikuwa amesimama kando ya kisanduku, aproni safi, mikono nyuma, akimtazama kila mtu usoni.

"Maskini, anasubiri sifa," Hilkka akaninong'oneza. "Haya, tangulia."

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye uliyeonja buti."

"Mwanamume mzima unaogopa kitufe!"

Nikasogea.

"Vipi, ilikuwaje?" Raimo akaniuliza.

"Nzuri tu," nikasema, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kijani. Hilkka alibonyeza kijani mara mbili, kwa huruma. Foleni yote nyuma yetu ikafuata.

Mchana huohuo meneja alibandika tangazo: turnipu kila Alhamisi, kwa matakwa ya walaji. Adabu ni adabu, nikaenda jikoni kumpongeza Raimo. Nilimkuta ameketi juu ya gunia la mwisho la njegere, uso umemshuka.

"Hongera, bwana."

"Hongera ya nini? Unajua nilisimama pale kwa nini? Nilitaka kumpa mkono wa asante kila atakayebonyeza nyekundu. Mimi siwezi kumwambia yule mama kwamba supu yake haifai. Nikajua nyinyi mtanisemea."

"Si ungetuambia, Raimo!"

"Na nyinyi je? Si nimewauliza mmoja mmoja?"

Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi. Akainuka, akafunua sufuria ya turnipu.

"Imebaki kidogo," akasema. "Nikuwekee?"

"Tafadhali," nikasema. "Na povu pia."