Eda Ndani ya Makumbusho

Mwalimu Nestory alistaafu kufundisha lakini sauti ya darasani hakuistaafisha, na kila siku saa nne asubuhi aliileta mpaka mlangoni kwangu. Nyuma ya pazia hili, aliwaambia wageni, yupo mjane wa msanii, anakaa eda, tafadhali tushushe sauti. Walishusha sauti, wakapandisha simu. Nilikuwa naziona zikichungulia pembeni mwa pazia, nami nageukia ukutani na kukohoa. Kikohozi changu nadhani kimeshafika Ulaya.

Mjane mwenyewe ndiye mimi, Maulida, miaka thelathini na minane.

Mume wangu Msafiri alikuwa mpaka rangi wa mitumbwi kule Mwaloni, kando ya ziwa. Akiandika jina la mtumbwi lazima achore na kitu pembeni, jogoo au mwanamke mwenye mwavuli, na rangi inayobaki kwenye kopo haimwagi. Anapanda nayo mlimani Kirumba, anampakia jirani ukuta. Hivyo kila nyumba ya mtaa wetu ilichukua rangi ya mtumbwi fulani, bluu, njano, waridi, mpaka na mawe yaliyoko katikati ya nyumba yakapakwa. Watu wakaanza kuja kupiga picha. Baadaye akahamia kuchora kwenye mbao, akapata jina. Mimi alinichora mara kumi na saba, zote nimekaa kwenye cherehani. Hakuna hata moja niliyosimama. Nilimpenda, sitasema uongo, lakini hilo nililiona.

Alifariki tarehe mosi ya mwezi wa Rajabu, ambayo mwaka huu iliangukia mwanzoni mwa Januari. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Kabla hata arobaini haijafika, Abubakary akaja kuongea na mimi. Ni mtoto wa mke wa kwanza wa Msafiri, marehemu naye. Amenizidi miaka miwili ila ananiita mama mdogo, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mtaa. Alisema wafadhili wanataka nyumba ya baba ifunguliwe kama makumbusho kabla ya msimu wa watalii. Wageni wataishia sebuleni na uani, mimi nitabaki chumbani kwangu na hakuna atakayenisumbua. Nikakubali. Siku zile ungeniomba hata godoro nililolalia ningekupa.

Vitu vikaanza kuhama. Kikombe cha Msafiri kikaenda sebuleni, mkeka ukaenda, birika likaenda. Siku moja wakaichukua cherehani yangu. Ni ya mkono, niliinunua Misungwi kwa jasho langu mwenyewe kabla sijamjua Msafiri wala rangi zake. Wakaiweka chini ya mojawapo ya zile picha, wakaizungushia kamba nyekundu na karatasi imeandikwa Usiguse. Nilipoidai, Abubakary alijibu kwa upole kwamba wageni wanaipenda kuliko kitu chochote.

Choo chetu kiko uani, na uani kulikuwa na wageni toka asubuhi mpaka alasiri. Nikajifunza kutokunywa chai. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia nilishukuru, angalau nilikuwa na sababu. Idd nilizisikia takbira nikiwa nimekaa kitandani, na mtaa mzima unapita chini ya dirisha langu na nguo mpya. Nililia siku hiyo, tena siyo kwa ajili ya Msafiri.

Wiki mbili kabla ya kutoka, Abubakary aliingia na karatasi, akanisomea. Nitakuwa mlinzi wa nyumba maisha yangu yote. Nitapewa chumba hikihiki na chakula, mradi nyumba ibaki kama marehemu alivyoiacha na mimi nisiolewe tena. Nitasaini Jumapili, siku ya kutoka eda, mbele ya shehe, wazee wa mtaa na wafadhili. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa.

"Utakuwa na pako mpaka unakufa, mama mdogo," alisema, na alikuwa anamaanisha wema.

Usiku ule sikulala. Dada yangu Sihaba ana fremu ya duka la kushonea nguo kule Misungwi, na alishanitumia ujumbe kwamba kona ipo, nije tu na cherehani yangu. Lakini najifahamu. Nikiwekwa mbele ya watu wazima, shehe anatabasamu, kalamu imeshafunuliwa, nitainama na kusaini. Ndivyo nilivyolelewa.

Jumanne ya wiki ile ya kutoka akaja Bi Safia na uji. Ni jirani, ndiye aliyeniogesha nikiingia eda na ndiye wa kuniogesha nikitoka. Nikamwambia ajiandae kwa Jumapili. Akaweka bakuli chini, akauliza hiyo Jumapili kaisema nani. Nikamwonyesha kalenda aliyoitundika Abubakary, ile tarehe ameizungushia wino mwekundu. Alikuwa amehesabu Januari, Februari, Machi, Aprili, kama mtu anayehesabu muhula wa shule.

Bi Safia akahesabu kwa vidole, taratibu, mara mbili.

"Eda haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani," akasema. "Mumeo kafa mosi Rajabu. Ni miezi minne ya kuandama na siku kumi. Alhamisi jua likizama, umetoka."

Nikamuuliza kama tumwambie Abubakary. Akajifunga kanga vizuri, akasema yeye kazi yake ni kuogesha, na hakuna mtu aliyemuuliza hesabu.

Ijumaa asubuhi akaniogesha, akanifukizia udi. Nikavaa gauni la rangi ya chungwa ambalo nilikuwa sijaligusa toka msiba. Mpango ulikuwa tuichukue cherehani kabla hawajafungua, niende nayo kwa Sihaba, lakini tukachelewa na udi, na mara nikaisikia sauti ya Mwalimu Nestory kizingitini. Nikarudi kukaa kitandani. Nikajiambia nisubiri kundi hili liondoke. Halafu nikajua kwamba likiondoka hili litakuja lingine, halafu atakuja Abubakary, halafu Jumapili. Nikasimama nikafungua pazia.

Walikuwa kama kumi, wengine Wazungu, wengine wa kutoka Dar. Mwalimu alikuwa anawaeleza habari za cherehani. Aliponiona alikatisha katikati ya neno. Nikairuka kamba.

"Hii cherehani ni yangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ilikuwa na muda haijatumika. "Naondoka nayo."

Wakapiga makofi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Wakapiga tena, na mama mmoja wa Dar akajifuta machozi. Abubakary akaingia kutoka uani kuangalia kuna shangwe gani. Akanisogelea huku anawatabasamia wageni, akanong'ona kwamba bado siku mbili, nirudi ndani. Nikamwambia mwezi uliandama lini na eda yangu nimeihesabu vipi. Akamwangalia Bi Safia aliyesimama na begi langu mkononi. Bi Safia akatikisa kichwa kukubali. Makofi yakazidi, na nikaona jinsi Abubakary alivyobadili mawazo.

"Basi kaa kidogo, mama mdogo," akasema taratibu. "Wa nyuma hawajakuona."

Kiti cha cherehani kilikuwa palepale. Magoti yangu, Mungu anisamehe, yalianza kukunjika yenyewe, na nilishika mpini wa cherehani kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Nikainyanyua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Abubakary akanyoosha mkono, akaona simu kumi zinamtazama, akaurudisha mfukoni.

Wageni wakanipisha, kisha wakanifuata. Tukashuka ngazi za mawe, mimi mbele, Bi Safia na begi, kundi zima nyuma linapiga picha, mwenyekiti wa kikundi katikati yao akiwa bado anatabasamu kwa sababu hakuwa na la kufanya. Miguu yangu ilikuwa imesahau kushuka. Niliogopa kila hatua.

Barabarani, bajaji ikasimama. Nikaingia, nikaipakata cherehani. Yule mama wa Dar akainama ubavuni mwa bajaji, bado analia.

"Mmeigiza vizuri sana," akasema. "Kesho mnaanza saa ngapi? Nataka nimlete mume wangu."

Abubakary akanitazama mimi, anangoja nijibu.

"Muulize huyu," nikasema. "Mimi eda yangu iliisha jana."