Makofi Aliyopigiwa Dada Dobi

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na ubaridi wa kupenya mifupa. Nilichomelea geti la mteja chini ya turubai, huku moyoni nikimshukuru Mungu kwamba jioni ningekuwa darasani.

Umri wangu umevuka hamsini. Katika darasa letu la Kiingereza wananiita Shemasi, kwa sababu sifungui daftari kabla ya kufumba macho na kuomba.

Somo lilikuwa sentensi za masharti. Mwalimu, kijana mwenye bidii, alikwisha kutueleza kwamba Kiingereza hubadilisha kitenzi kufuatana na jambo lenyewe: linalowezekana, la kufikirika tu, au lililokwisha kupita na hakuna wa kulirudisha. Akatugawia karatasi ili kila mtu aweke vitenzi katika wakati wake. Sentensi alizitoa katika yale tuliyomsimulia wenyewe wiki iliyotangulia. Aliziita mifano hai.

Yangu ilisema kwamba kama Shemasi angepunguza kuomba, angefaulu mtihani.

"Leo umepatikana, Shemasi!" Dereva wa lori akapiga meza kwa kicheko.

"Cheka tu, yako inakuja," nikamjibu.

Ikafika zamu ya Dada Dobi. Huyu anapiga pasi katika duka la dobi jirani na karakana yangu, na ndiye aliyenishawishi nijiandikishe. Mwaka juzi mwanawe alianguka kutoka ghorofani, hakupona. Kila asubuhi namtaja mama huyu katika sala zangu.

Akasoma polepole kwa Kiingereza, akijaza vitenzi: kama mama angalifunga mlango, mtoto asingalianguka.

"Sahihi kabisa!" Mwalimu akasema. "Hajakosea hata kimoja. Mpigieni makofi!"

Watu wakapiga. Waliomfahamu, mikono yao iliishia njiani. Yeye mwenyewe hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Nilimwomba Mungu uvumilivu, nasema kweli, lakini haukuja. Nikasimama.

"Mwalimu, makofi ya nini?"

"Shemasi, hiyo ni sentensi tu. Sikuandika jina la mtu."

"Jina la nini? Mlango huo wa roshani nimeutengeneza mimi baada ya mazishi. Ulikuwa umefungwa, komeo ndilo lililong'oka. Mwenye nyumba aliambiwa, akaambiwa tena, kazi yake kusema nitakuja, nitakuja."

Mwalimu akamgeukia Dada Dobi. "Si wewe ulinisimulia?"

"Nilikusimulia habari za mwenye nyumba," akajibu kwa sauti ndogo. "Nilisema, kama angalitengeneza komeo."

Mwalimu akasugua chaki vidoleni. Kisha akasema kwamba neno komeo hatujalisoma, akaona abadilishe kidogo, iwe rahisi. Mlango kila mtu anaujua.

Iwe rahisi! Mawifi zake wamemsema dada huyu weee, mzembe, mzembe, mpaka usingizi ukamkimbia. Anakuja kutafuta elimu, anakabidhiwa lawama ile ile kwa Kiingereza, na anapewa alama kwa kuikubali bila kosa!

"Sasa kwa nini uliijaza, dada yangu?" Dereva akamuuliza, safari hii kwa upole.

"Niliulizwa vitenzi, kaka, sikuulizwa kilichotokea. Na maneno hayo nimeyasikia sana. Hata mimi nilishaanza kuyaamini."

Mwalimu akasema basi, kila mtu aifute sentensi hiyo, tuendelee.

"Tuendelee wapi?" nikasema. "Karatasi hizi umezigawa na kwa darasa la jana. Kule wamo majirani zake."

"Sasa mnataka nifanye nini, mzee wangu?"

"Mimi usiniulize. Muulize mwenye mtoto."

Dada Dobi akaikunja karatasi yake, akaikunja tena.

"Kaseme ukweli kule kule ulikopeleka uongo," akasema.

Mwalimu akaweka chaki mezani. Akaja mpaka kwenye dawati la Dada Dobi, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa, sote tukimtazama.

"Dada, nisamehe. Na ninyi nyote mnisikie. Darasa lile likirudi nitakusanya kila karatasi, na nitawaambia kwa kinywa changu mwenyewe kwamba mama huyu alifunga mlango wake."