Rangi ya Mto na Vijiko Vitatu

Bwana Chupa, ndivyo nilivyomwita, alikuwa anakuja kwangu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na, nisiwadanganye, hakuwa ananifuata mimi. Alifuata mto. Unapita nyuma ya jiko langu, kahawia, na idara ya maji ilitaka kujua rangi ile inatoka wapi.

Alikuwa akishuka ngazi zangu, anachota, anainua chupa mbele ya karatasi nyeupe, anaandika namba. Kisha anaacha sanduku la chupa kibarazani penye kivuli, anakwenda kuchota tena darajani. Akirudi, ananipa robo saa ya mazungumzo. Wanangu hunipa dakika mbili, tena kwa simu, tena inakatika.

"Bibi, huu si uchafu," alinieleza. "Huko juu kuna kinamasi. Majani ya miti yanaanguka, yanaoza polepole, maji yanavuta rangi yake. Kama majani ya chai kwenye birika."

"Kumbe mto unapika chai miaka yote hii na haujanikaribisha!"

Akacheka. Halafu, huku anafunga sanduku, akasema mwezi ujao ndio mwisho. Rangi haibadiliki, kazi imekwisha.

"Haya, baba," nikamjibu. Moyoni nikasema: itabadilika.

Mwezi uliofuata, alipokwenda darajani, nilifungua chupa moja nikaitilia chai ya rangi kutoka kikombe changu. Kidogo tu. Mkono haukutetemeka, mikono yangu hutetemeka ninapofanya mema.

Siku ya nne akapiga hodi. Nikavaa gauni la kutokea ndipo nikafungua.

"Karibu! Mto umeleta matata?"

Hakukaa. "Bibi, chai yako unatia sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu. Kwani?"

"Sisimizi wamejaa kwenye sanduku langu. Maabara nzima wananicheka."

Nikatazama dari. Dari haikunisaidia.

"Ningesemaje, baba? Kwamba uje tu?"

"Ungesema hivyo."

"Ungekuja?"

Akageukia ngazi za mtoni. Mtu mkweli yule, hata uongo wa adabu hana. Alishuka akachota upya, na safari hii sanduku alikwenda nalo mpaka darajani. Rangi ilikuwa ile ile. Alikunywa kikombe kimoja, bila sukari, akaniaga: "Nitapita siku moja."

Hiyo nitapita naijua. Wanangu wote watatu wanaisema vizuri sana.

Jumatatu ya kwanza ilipofika nilichota maji kwa glasi, nikayainua dirishani mbele ya karatasi nyeupe. Namba sizijui, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari: chai ya rangi, majani kijiko kimoja. Mwezi wa pili: vilevile. Mwezi wa tatu mvua zilinyesha sana huko juu, na maji yakakolea mpaka sikuona vidole vyangu nyuma ya glasi. Majani vijiko viwili! Imebadilika kweli, na namba ya simu ya Bwana Chupa sikuiomba, niliona haya. Hata ningeipata, nani angeniamini?

Nikalamba kalamu, nikaongeza pembeni: sikutia kitu.