Mzee Kitsao Aliponyamaza

"Dresa! We dresa!"

Chome, mfunga vidonda wa hospitali, hakugeuka. Alikuwa ameshika beseni la usaha mkono mmoja, mkasi mkono wa pili. Tangu asubuhi mzee Kitsao, aliyepigwa pembe pajani na fahali wake mwenyewe, alikuwa amemwita amfungie dirisha, amfungulie dirisha, amfukuzie nzi, amwambie kama mvua imenyesha kwao Kinango. Mvua ya Kinango! Na wagonjwa walikuwa wamelala hadi sakafuni, mikekani. Dresa wawili walihamishiwa Mombasa mwaka jana, 1953, na badala yao haikuletwa ila ahadi.

"Dresa!"

Chome akalibwaga beseni. "Unataka nini tena, mzee? Mimi ni mtu mmoja! Nimechoka nawe! Ukiniita tena nitakutoa nje ukalale na kuku!"

Kitsao akavuta shuka hadi kidevuni, akageukia ukuta.

Hakuita tena, na kimya kile kilimpendeza Chome. Kazi ikaenda. Adhuhuri Waziri, dresa wa wodi ya pili, akaja kuomba pamba, akatupa jicho chini ya kitanda cha mzee.

"Chome! Damu!"

Godoro la sufi lilikuwa limelowa. Jeraha lilikuwa limefumuka. Chome akalikandamiza kwa uzito wake wote, Waziri akamkimbilia Sista, muuguzi mkuu, na mzee akashonwa palepale huku ameuma shuka.

Damu ilipokoma, Chome akafoka kwa hofu, "Kwa nini hukuniita?"

"Ulisema umechoka, mwanangu," Kitsao akajibu kwa sauti ndogo. "Nikakutazama, nikaona kweli umechoka."

Laiti angemtukana. Chome akatoka nje bombani, akaosha mikono, akaiosha tena ingawa ilikwisha takata. Waziri akamfuata.

"Nilikuwa karibu nimuue," Chome akasema.

"Ndiyo. Karibu." Waziri hakumpunguzia. Kisha akaenda ofisini kwa Sista, na maneno yao yakasikika dirishani.

"Sista, Chome hana nguvu tena. Aende nyumbani."

"Nani atashika wodi yake?"

"Mimi."

"Na yako?"

"Mimi vilevile."

"Haiwezekani, Waziri!"

"Na haya ya leo, Sista, yanawezekana?"

Kisha Sista akatoka, uso umemwiva, akavua saa yake, akakunja mikono ya gauni, akaingia wodini kwa Chome na kushika beseni.

Chome alipaswa kwenda zake. Badala yake akavuta kigoda hadi kitandani kwa Kitsao.

"Niwie radhi, mzee."

"Haya."

"Huko Kinango umemwacha nani?"

"Mke wangu. Peke yake, na ng'ombe wote wale, na kisima kinakauka."

Akaanza kumtajia ng'ombe: yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, yule mweusi asiyekubali kukamuliwa ila na mkewe. Chome akaegemeza kichwa ukutani asikilize. Macho yakamwelemea. Mzee akaona, akashusha sauti, akaendelea kuwataja taratibu, mmoja mmoja.