Kasuku na Futi ya Dada

Kipaji changu kilizaliwa jikoni kwa dada yangu, na kama ningekuwa na akili ningekiacha hukohuko.

Kila Jumapili baada ya chakula dada alikuwa anasukuma sahani pembeni na kusema, "Haya Kasuku, nipe Mwenye Nyumba." Nami nainuka, natoa tumbo nje, nafunga mikono nyuma, naanza kukagua kuta kwa jicho la mtu anayeisikitikia rangi yake. "Hapa pana msumari. Nani kapiga msumari? Ukuta huu umewakosea nini?" Dada hoi. Kicheko chake kilianza juu, mlio mwembamba kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta, kisha kikaporomoka kifuani na mkono ukaipiga meza. Vijiko vinaruka. Akishapata pumzi anasema, "Nipe Tajiri." Tajiri alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mimi nikiwa mtu wake wa stoo. Alikuwa anaongea na mteja huku anamwangalia mteja anayefuata. Nampa Tajiri. Kisha nampa shangazi yetu anavyoaga na kuendelea kukaa. Nampa hata shemeji, mume wake, akiwa amekaa palepale, jinsi anavyokunjua gazeti kwa kishindo ili watu wajue anasoma.

Shemeji hakucheka. Alikuwa dereva wa lori, na uso wake siku zote ulikuwa wa mtu anayerudisha gari nyuma kwenye uchochoro.

"Kasuku," dada alisema Jumapili moja huku akifuta machozi, "hiki si kitu cha kutupa jikoni. Watu wanalipwa kwa hiki."

"Watu gani?" shemeji akauliza nyuma ya gazeti.

"Washereheshaji. Huwaoni kwenye maharusi? Mtu anashika kipaza sauti, anaongea upuuzi, analipwa."

"Upuuzi anao," shemeji akakubali.

Mimi hapo kichwa kilishavimba hadi kofia hainitoshi. Mtu wa kawaida angejaribu kwanza. Mimi nilichapisha kadi. "Mshereheshaji wa Kimataifa," ziliandikwa, na mpaka leo sijawahi kuvuka mpaka wa aina yoyote isipokuwa ule wa uvumilivu wa watu. Nikamuaga Tajiri kwa hotuba. Akanisikiliza huku akimwangalia mtu aliyekuja kuulizia rangi ya mafuta, akasema, "Sawa, acha funguo."

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kumuaga mstaafu mmoja ofisini kwao. Nilisimama mbele ya watu waliovaa vizuri, nikatoa tumbo, nikafunga mikono nyuma, nikawapa Mwenye Nyumba. Niliwapa Mwenye Nyumba mzima, pamoja na msumari. Kimya. Nikadhani labda nimeanza na kizito, nikawapa Tajiri. Kimya. Nikawapa shangazi, nikaaga na kuendelea kukaa, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kwa upole, "Kijana, unaondoka au unabaki?"

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtu yeyote angelielewa kabla ya kuchapisha kadi. Mle ndani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemjua mwenye nyumba wa dada yangu.

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," shemeji alisema nilipowasimulia.

"Nyamaza wewe," dada akamwambia. Pini zilikuwa mdomoni. Dada alikuwa fundi cherehani, na maneno yake mengi ya maana aliyasema katikati ya pini. "Sauti anayo. Ila ameenda kuwaiga watu wa kwetu mbele ya watu wa kwao. Kasuku, kuanzia leo unawaiga wa kwao."

"Nitawajulia wapi?"

Alivua futi shingoni, ile ya manjano iliyofifia namba, akaipunga mbele ya pua yangu.

Wasiokaa na mafundi hawajui. Mtu akipimwa nguo anasema kila kitu. Anasimama mikono juu kama aliyekamatwa, futi imemzunguka, hana pa kuangalia, basi anaongea. Chumba cha dada kilikuwa kidogo: cherehani mbili, yake na ya fundi mwenzake, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa na pazia la kubadilishia nguo. Mabibi harusi wote wa upande ule wa mji walipita nyuma ya pazia lile, pamoja na mama zao, wifi zao na wasimamizi wao. Dada anapima bega, anauliza, "Na baba yako anasemaje?" Anapima kiuno, anauliza, "Na huyo wifi yako, bado?" Jioni ananiita. "Baba wa bwana harusi anakohoa kabla ya kutaja jambo la gharama. Mjomba anasinzia na kuamka akipiga makofi. Mama mkwe hawezi kupita kwenye kiti bila kukifuta." Nami nakohoa, nasinzia, nafuta viti, mpaka anasema, "Ndiyo huyo. Sijamwona lakini ndiyo huyo."

Siku ya harusi dada alikuwa na kiti chake ukutani, mwisho wa ukumbi, na kopo la sindano na nyuzi mapajani, kwa sababu hakuna harusi ambayo nguo ya msimamizi haichaniki mahali. Mimi nikimaliza tu kukohoa kikohozi cha baba wa bwana harusi, kicheko kinatoka kule ukutani, kizito, cha kifuani. Ule mlio wa bawaba sikuwa nausikia. Nilidhani unapotelea njiani, ukumbi ni mkubwa. Kikitoka kile, meza iliyo karibu naye inacheka, kisha inayofuata, mpaka moto unafika mbele na baba wa bwana harusi mwenyewe anakohoa kwa kucheka.

Nikapata kazi, nikapata jina. Dada alinishonea makoti kwa mabaki ya vitambaa vya wasimamizi, kwa hiyo kila harusi nilifanana nao kabisa, msimamizi wa bibi harusi aliyeota ndevu. Watu walidhani ni ubunifu. Nikaulizwa siri ya kazi yangu, nami nikajibu bila haya kwamba ni kipaji, mtu anazaliwa nacho. Dada akiwa kando yangu na kopo lake la sindano, akitikisa kichwa kukubali.

Aliugua mwanzo wa mvua. Mvua zilipokatika tulikuwa tumeshamzika.

Juu ya meza ya kukatia alikuwa ameacha nguo za harusi moja, zimekatwa na kupigwa chaki, hazijaungwa. Fundi mwenzake akazimalizia. Mama wa bibi harusi yule alikuja kutupa pole, akakaa kwenye kochi la dada akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Baba," aliniambia, "sherehe yetu ni Jumamosi. Kama hutaweza, tutaelewa. Tutatafuta muziki tu."

"Nitaweza, mama," nikasema. Hayo ndiyo majibu ya mtu aliyechapisha kadi.

Alipoondoka, shemeji akaniangalia. "Utawaigaje? Umewajua?"

"Hapana." Dada aliwapima akiwa ameshaanza kuumwa, hakuwahi kuniita jioni.

"Na nani ataanza kucheka?"

Sikumwelewa. Akalikunja gazeti, na mara hiyo halikupiga kishindo.

"Alikuwa anarudi amechoka," alisema. "Miguu imevimba. Namwambia, mke wangu, utani ule si umeusikia toka jikoni, akiufanyia mazoezi? Unacheka nini tena? Ananiambia, nisipoanza mimi nani ataanza? Mdogo wangu ataanguka."

Nilisema nakwenda kufunga dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikasimama pale nikalifungua na kulifunga tena, ili nisiwe nimedanganya.

Siku zilizobaki nilizunguka na swali hilo moja, na kwa mtu anayelipwa kwa kuchekesha ni swali baya. Vitu vya kusema vilitoka kwake. Kicheko kilitoka kwake. Kama alikuwa anacheka kunishikilia nisianguke, basi mimi nilikuwa nini? Spika. Ukiizima redio, spika ni boksi tu, tena lililovaa koti la rangi ya zambarau. Nikaamua moyoni kwamba Jumamosi ikinishinda nitarudi kwa Tajiri kuomba funguo za stoo.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Shemeji alikuwa ameleta nguo kwa lori asubuhi, kisha kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke, akaenda kukaa kwenye kiti cha ukutani, kopo la sindano mapajani, uso uleule wa uchochoroni. Kabla ya hapo alikuwa amenitumbukizia kitu mfukoni mwa koti. "Ilikuwa imebaki msumarini," alisema. Sikuangalia. Nilijua kwa kugusa kuwa ni futi.

Nikashika kipaza sauti. Nikawakaribisha. Nikataja bwana na bibi bila kukosea, jambo ambalo kwangu lilikuwa ushindi. Halafu pakawa na nafasi, ile nafasi ambayo mshereheshaji anatakiwa kuchekesha watu, na kichwani mwangu palikuwa peupe kama shuka. Mungu anisamehe, nikatoa tumbo. Nikafunga mikono nyuma.

"Hapa pana msumari," nikasema. "Nani kapiga msumari?"

Watu wakatazama ukutani kuutafuta.

Katika kimya kile nikasikia kitambaa kinachanika. Msimamizi mmoja, aliyekuwa amenyanyuka kumrekebishia bibi harusi shela, mkono wake wa nguo ukaachia begani. Akaushika haraka, akageuka kutazama kiti cha ukutani, kama walivyoambiwa wote siku ya kupimwa, kwamba pale atakuwapo mtu na sindano. Na ukumbi mzima ukageuka naye. Shemeji akasimama. Akatoa sindano, akatoa uzi. Akaunyanyua uzi kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akasukuma, akakosa. Akasukuma, akakosa. Mikono ile ilizoea usukani wa lori, na hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Sikupanga. Mkono uliingia mfukoni, futi ikatoka, ikakaa shingoni, na midomo yangu ikajibana kana kwamba imeshika pini.

"Mume wangu," nikasema kwa sauti ya dada, "hiyo ni sindano, si usukani. Huna haja ya kupiga honi."

Mama wa bibi harusi alipiga ukelele. Wanawake wote wa meza ya mbele wakashika vinywa. Ndipo nilipokumbuka kwamba katika ukumbi ule kila mwanamke alikuwa amesimama mikono juu mbele ya dada yangu. Nilikuwa nimehangaika kutafuta mtu wa kwao, na alikuwapo, wa kwao na wa kwetu pia. Miaka yote nilimwiga kila mtu nyumbani isipokuwa yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji.

Nikamsogelea wifi wa bibi harusi na futi. "Simama wima. Usivute tumbo, mama. Tumbo ulilokuja nalo ndilo nitakalolishonea." Wifi akapiga makofi. Nikamgeukia shangazi mtu. "Hapa nimeongeza kidogo. Usihofu, hii siri iko kati yangu na futi." Meza nzima ikalia, kwa sababu kumbe siri ileile aliwapa wote. Nikapima bega la bwana harusi, nikamuuliza kupitia pini, "Na baba yako anasemaje?" Baba mtu akakohoa. Sikumfundisha, alikohoa mwenyewe, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Hapo kikanitoka na kicheko chake. Kilianza juu, mlio wa bawaba, kikaporomoka, mkono ukapiga meza ya maharusi na vijiko vikaruka. Watu walicheka wakalia. Mama wa bibi harusi alijifunika uso na kitambaa cha meza, na sikujua kipi kilikuwa kipi kwake. Kwangu pia sikujua. Mkono wa msimamizi alikuja kuushona fundi mwenzake dada, aliyekuwa amekaa muda wote meza ya tatu akila.

Jioni nilirudi na shemeji kwenye lori. Tulipofika jikoni akaweka maji ya chai.

"Kile kicheko umekitoa wapi?" akauliza.

"Si chake?"

"Chake. Lakini si cha maharusini." Alikuwa amenipa mgongo, anatafuta vikombe. "Cha maharusini kilianzia kifuani moja kwa moja. Nilikuwa nakwenda kumchukua na lori, namsikia nikiwa nje. Kile kilikuwa cha kazi, kama mtu anavyowasha gari. Hiki chenye mlio kilimtoka chenyewe, hapa tu. Siku za Jumapili."

Nikakaa kwenye kiti changu. Maji yakaanza kuchemka.

"Kwa hiyo..." nikasema.

"Kwa hiyo kunywa chai." Akaweka vikombe, akavuta kiti mkabala nami, pale alipokuwa akikaa dada, akanikodolea macho kama mkaguzi. "Tena leo umekianza chini. Chenyewe kilianza juu zaidi."

Nikajaribu.

"Juu."

Nikajaribu tena, nikapiga na meza. Kijiko kikaanguka chini.

"Bado," akasema shemeji, na kitu kama tabasamu kikarudi nyuma taratibu kwenye uchochoro wa uso wake. "Rudia."