Gari Lisilo na Gia

“Hilo gari halina gia,” Meno alisema, akageuza uso ukutani.

Mdogo wake alikuwa ametoka tu chini ya gari, mikono imejaa grisi, anangoja apongezwe. Tabasamu likamkauka. Sakafuni, juu ya gunia, ilikuwa imelazwa gia boksi ya zamani, ile ya kubadilisha kwa mkono, ambayo Meno aliifungua na kuifunga ujana wake wote. Ndiyo iliyompa jina: meno ya gia aliyachonga mwenyewe. Wenye utani walidai ni kwa sababu ya pengo lake la mbele.

Walimtolea gia boksi hiyo akiwa hospitali, wakaweka ya otomatiki. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, mkono wa gia na mguu wa klachi, na kabla hajarudi nyumbani mkewe na mdogo wake walishakaa, wakashauriana, wakakata shauri. Gari lake la mbio, la viti viwili, la kwake yeye! Hata kuku hupewa maji kabla ya kuchinjwa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Mdogo mtu akajitetea kwa ufundi, maana ndiyo lugha waliyozoea kugombana nayo. Watu husema otomatiki haina gia, lakini hii ina nane, kaka, na yako ilikuwa na tano. Ya kwanza ni fupi kuliko ya kwanza yako, inachomoka kwa nguvu. Ya nane ni ndefu kuliko ya tano yako, barabara ikinyooka injini inapumua. Za katikati zimekaribiana, ukipandisha moja injini haipotezi nguvu. Meno akamwambia zimekaribiana kama wambea, kazi yao kupokezana tu. Yeye ya tatu aliifupisha kwa mikono yake kwa ajili ya mlima wa pale nje, na akiishika haiachii mpaka aamue mwenyewe. Hilo dude linaamua lini? Linamuuliza nani?

“Ubaya si gia,” mkewe alisema kutoka mlangoni. “Ubaya ni mguu. Klachi utaikanyaga na nini, baba watoto?”

Tangu arudi hakuna aliyethubutu kutamka neno mguu. Walisema “ile hali yako”, kwa sauti ya msibani. Meno alitamani kumtukana, na tusi alikuwa nalo, ila angemtukana vipi mtu aliyesema kweli? Akachukua mkongojo, akaenda akaingia garini, awaonyeshe takataka waliyomfungia. Mkewe akazunguka, akaingia upande wa pili bila kukaribishwa.

Hakukubali gari lijiamulie. Nyuma ya usukani palikuwa na vibao viwili vidogo vya vidole: cha kulia kupandisha gia, cha kushoto kushusha. Akabonyeza kitufe cha kubadilisha mwenyewe, akatoka kwa fujo. Kulia, kulia, kulia. Gia zikapanda, na zilipanda vizuri, jambo lililomkera. Mlima ulipoanza, injini ikalalama inataka gia ya chini, na kidole chake cha kushoto kikabaki kimelala juu ya kibao, hakina habari.

“Vuta hicho,” alisema, akimeza aibu yake.

Mkewe akavuta. Alichelewa. Meno akamfokea kwamba injini haingoji mtu amalize kufikiri. Kwenye kona iliyofuata mkewe akawahi mno, gari likawarusha mbele, akafokewa tena. Naye akamjibu kwamba kama anataka mtumwa akamtafute kwingine, yeye ni mke.

Ikaja kona kali kuliko zote. Meno alifungua kinywa aseme, na kabla neno halijatoka, kibao kilishavutwa. Gia ikaingia palepale ambapo yeye angeiingiza. Miaka yote aliyokaa kando yake akilalamika kuhusu mwendo, kumbe mwanamke huyu alikuwa anasikiliza injini.

Hilo lilimuuma kuliko kiharusi chenyewe. Alitaka kuona mkewe amekosea wapi, na hakuona. Mkewe aliikodolea macho barabara, kidole chake kikiwa juu ya kile cha mumewe kisichosikia kitu.

“Usinifundishe kuendesha,” Meno alisema.

“Nyamaza. Kona hiyo.”